Mwalimu wa awali, mwanaisimu, na mtoto aliyekwama kwenye "bo"

Walimu wengi wa Dar wanaojiandaa kwa shahada ya uzamili hutafuta msimamizi kwa kusoma ile orodha ya "maeneo ya utafiti" kwenye wasifu wa wahadhiri. Orodha ile haikusaidii sana. Karibu kila anayeshughulika na watoto wadogo ameandika malezi na makuzi, ujifunzaji kwa michezo, ushiriki wa wazazi. Karibu kila anayeshughulika na lugha ameandika lugha ya kufundishia, isimujamii, ufundishaji wa lugha ya pili. Yanayosema kweli ni mambo matatu ambayo wengi huyaruka: shahada yake ya kwanza ilikuwa ya nini, tasnifu yake ya uzamivu ilihusu nini, na katikati hapo alifundisha darasa gani. Aliyeanzia kwenye saikolojia atakuuliza mtoto amefikia hatua gani. Aliyeanzia kwenye isimu, yaani sayansi ya lugha, atakuuliza silabi unazompa mtoto zina muundo gani. Aliyewahi kushika chaki kwenye darasa la awali atakuuliza nani atabaki na watoto wengine themanini wakati wewe unampima mmoja barazani. Maswali yote matatu ni ya lazima, na ni nadra kumpata mtu mmoja anayeyauliza yote.

Taaluma ya elimu ya watoto wadogo imezoea watu waliotoka kwingine. Maria Montessori alikuwa daktari; alihitimu Roma mwaka 1896, na alipofungua nyumba yake ya watoto mtaa wa San Lorenzo mwaka 1907 aliingia na jicho la kidaktari, la kutazama kwanza na kuandika anachokiona. Jean Piaget alipata uzamivu wake mwaka 1918 kwa kuchunguza konokono na jamii yao. Lev Vygotsky alisomea sheria Moscow. Kila mmoja aliona alichofundishwa kuona. Daktari alijenga vifaa vya mikono, mwanabiolojia akapanga hatua za ukuaji, na mtu wa vitabu na hoja akaipa lugha kiti cha mbele. Mhadhiri wako naye, hata akiwa na machapisho ya kujaza kabati, bado anatazama kwa jicho la pale alipoanzia.

Kwetu njia zimegawanyika mapema. Ya elimu ya awali hupita chuo cha ualimu kwa cheti au stashahada, kisha shahada ya elimu ya awali Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) au Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha uzamili. Ni taaluma changa hapa nchini. Sera ya elimu ya mwaka 1995 ndiyo iliyoitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi, na ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Kabla ya hapo "shule ya vidudu" ilikuwa mambo ya makanisa, misikiti, mashirika na mama mwenye banda na moyo. Njia ya lugha ni ya zamani zaidi: TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilianza mwaka 1964 kutokana na kamati ya lugha iliyokuwapo tangu 1930, na mwaka 2009 ikaunganishwa na Idara ya Kiswahili kuwa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Shule Kuu ya Elimu na TATAKI zote ziko Mlimani, unatembea kwa miguu kutoka moja hadi nyingine, lakini wanafunzi wanaofanya matembezi hayo kwa ajili ya tasnifu ni wachache kuliko inavyopaswa.

Wataalamu wa lugha nao wana sababu ya kutoshuka hadi awali. Mjadala wa lugha ya kufundishia umewavuta sekondari kwa miaka mingi. Utafiti wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulihusu Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari, na kazi za kina Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na LOITASA, mradi wa Tanzania na Afrika Kusini kuhusu lugha ya kufundishia ulioanza mwaka 2002, ziliendelea kuuliza kwa nini mwanafunzi anafundishwa kwa lugha asiyoielewa. Hilo ni swali kubwa na halijaisha. Ila limeacha pengo kule chini, ambako mtoto anajifunza kusoma kwa Kiswahili anachokielewa vizuri kabisa na bado anakwama. Pengo hilo ndilo ningependa mwalimu anayeanza uzamili alitupie macho.

Anakwama wapi? Tuchukue darasa lenye kibao cha ba be bi bo bu. Watoto wanaimba safu nzima bila kosa, mwalimu anaridhika. Sasa weka kidole kwenye "bo" peke yake. Utamwona mtoto anarudi mwanzo, anaanza "ba, be, bi" kwa sauti ya chini mpaka aifikie. Amekariri mpangilio; herufi hajazisoma. Mtu wa makuzi ya mtoto ataona kumbukumbu inayofanya kazi vizuri, na hajakosea. Mtu wa isimu ataona kwamba mtoto hajatenganisha /b/ na /o/, naye hajakosea. Ili upime kweli, changanya silabi, zisifuatane kwa irabu wala kwa konsonanti. Ukimpa mtoto ukurasa uliopangwa kwa safu za kawaida unapima wimbo.

Halafu kuna M. Mwalimu wa awali hufundisha kwamba silabi ni konsonanti na irabu, na mara nyingi ni kweli. Kisha linakuja neno "mtoto", ambalo ni m-to-to, na ile m inasimama yenyewe. Mtoto akishaizoea, anakutana na "mbegu", ambayo ni mbe-gu, na m imejishika na b. "Mbwa" inarudi kuwa m-bwa. "Nchi" ni n-chi, lakini "ndege" ni nde-ge. Kuna hata jozi inayoandikwa sawasawa: mbuni yule ndege mkubwa ni mbu-ni, na mbuni anayebuni vitu ni m-bu-ni. Mwanaisimu anayajua haya tangu mwaka wa kwanza. Mwalimu wa awali aliyesomea makuzi huenda hakuambiwa na mtu, kwa hiyo anapoona mtoto anasoma "m-be-gu" anamwandikia kosa la uzembe, wakati mtoto ametumia kanuni aliyofundishwa wiki iliyopita. Ukitaka mada ya tasnifu yenye nyama, hapa ipo: makosa ya watoto kwenye maneno yanayoanza na m na n, yaligawika vipi kati ya m inayosimama peke yake na ile iliyoungana na konsonanti. Unahitaji orodha ya maneno 40, nusu kwa nusu, yenye urefu unaolingana, na watoto wa darasa la kwanza. Awali ni mapema mno kwa hili.

Kosa jingine linatoka kwa wanaochukua vipimo vya wenzao bila kuvifanyia kazi. Kipimo cha stadi za awali za kusoma, kinachojulikana kwa kifupi EGRA, hutumika sana kwetu tangu ulipokuja msisitizo wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Kina kazi za sekunde 60: mtoto anasoma silabi, kisha maneno ya kubuni, kisha kifungu kifupi, halafu anaulizwa maswali ya ufahamu. Akimaliza kabla ya muda unakokotoa: maneno sahihi mara 60, gawanya kwa sekunde alizotumia. Aliyesoma maneno 51 sahihi kwa sekunde 45 ana maneno 68 kwa dakika. Hesabu ni rahisi. Tatizo ni pale mwanafunzi wa uzamili anapochukua 68 hiyo na kuilinganisha na kiwango cha watoto wa Uingereza au Marekani. "Sitawaambia" ni neno moja kwetu, silabi sita: si-ta-wa-a-mbi-a. Kiingereza kingetumia maneno matano mafupi kusema jambo hilo hilo. Mtoto wetu amefanya kazi ya watu watano na kuandikiwa moja. Hesabu maneno, sawa, lakini hesabu na silabi sahihi kwa dakika, na ukichagua vifungu viwili vya kulinganisha hakikisha idadi ya silabi inakaribiana, si ya maneno tu.

Maneno ya kubuni, kama "lufo" au "dapi", yapo ili mtoto asikisie kutokana na neno analolijua. Shida yake Dar ni kwamba lugha ya mtaani haina mpaka. Neno ulilolibuni ukiwa ofisini linaweza kuwa na maana ambayo mtoto wa Manzese anaijua na wewe huijui, na kikao kizima kikaishia kwenye kicheko. Kabla ya kuchapa, mpe kondakta wa daladala aisome orodha. Nasema kweli.

Na r na l. Mtoto anasoma "rafiki" kama "lafiki". Ni kosa? Inategemea anavyoongea. Ndiyo maana dakika mbili za kwanza za kikao ni za maongezi tu: unamuuliza rafiki yake nani, rangi anayoipenda, na unasikiliza. Akisema "lafiki" kwenye maongezi na "lafiki" kwenye kusoma, amesoma sawa kwa matamshi yake. Mpe alama na uweke kialama pembeni. Akisema "rafiki" kwenye maongezi kisha asome "lafiki", hilo ni kosa la kusoma. Vivyo hivyo dh na z, th na s, gh na g. Maneno kama kalamu na karamu, au mahali na mahari, yaondoe kabisa kwenye kipimo, kwa sababu hutajua umepima nini.

Jambo dogo linaloharibu kazi kubwa ni mwandiko wa kompyuta. Watoto wamefundishwa a ya mviringo wenye mkia, ile ya kwenye daftari. Fonti nyingi za kompyuta zina a yenye kofia juu, na mtoto anaiangalia kama mgeni. Tumia fonti yenye a ya daftari, kama Century Gothic au Comic Sans, ukubwa usiopungua 24, na kagua alama ya ng' kwenye "ng'ombe" baada ya kuchapa, maana mashine nyingi za steshenari huimeza ukipeleka faili badala ya karatasi.

Sasa kwenye upande ambao wanaisimu huchemka: mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka mitano hakai dakika 40. Panga 15, zikipita 20 umeshaanza kupima uchovu. Darasa la awali huanza karibu saa 2 asubuhi, uji ni kama saa 4, na saa 5 au 6 wanaondoka. Ukiwa na wapimaji wawili na watoto 12 kwa shule, kila mtoto dakika 20, unatumia saa mbili kamili bila kuhesabu kuitana, kufunga kamba za viatu na kwenda chooni. Kwa hiyo shule moja ni asubuhi moja, na anayekuahidi shule mbili kwa siku hajawahi kuifanya kazi hii. Kaa mbali na dirisha la darasa. Wengine wakisikia kifungu kinasomwa mara tatu, wa nne atakisoma bila kuangalia karatasi.

Weka kanuni ya kuacha. Mtoto akikosa silabi zote kumi za mstari wa kwanza, simamisha kazi hiyo kwa upole na uende inayofuata. Ukimlazimisha amalize mia moja, atalia, na kesho mama yake yuko ofisini kwa mwalimu mkuu. Ukiona sifuri zimekuwa nyingi, wastani wako hauna maana tena. Toa idadi ya waliopata sifuri peke yake, na kwa watoto wa awali tumia kazi za sauti: neno "baba" linaanza na sauti gani, kati ya "meza", "mama" na "kiti" lipi limeanza tofauti. Hazihitaji karatasi, na zinakupa kitu hata kwa mtoto ambaye hajajua herufi hata moja. Mwezi wa Februari hao ndio wengi, kwa sababu mwaka wa shule umeanza Januari. Anayepima Februari na anayepima Septemba wanapima watoto wawili tofauti, kwa hiyo tarehe iandikwe kwenye kila karatasi. Epuka Aprili kama unaweza. Masika ikikaza maeneo ya mabondeni, nusu ya darasa inabaki nyumbani, na wanaofika ni wa karibu na shule au wenye usafiri. Hiyo si sampuli ya darasa lako.

Sampuli yenyewe ichukue kwenye rejista, siyo kwa kumwambia mwalimu akuletee watoto. Akikuletea, atakuletea wanaojua, na ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo. Wavulana 48, unataka 6: chukua kila wa nane. Wasichana vivyo hivyo. Aliyekosekana siku hiyo andika hayupo, kisha chukua anayefuata kwenye orodha. Idadi ya waliokosekana ni taarifa, usiitupe. Kumbuka pia kwamba watoto 12 wa darasa moja wanafundishwa na mwalimu mmoja. Ukiwa na shule 6 una watoto 72 lakini walimu 6 tu, na hoja yoyote kuhusu njia ya kufundisha inasimama juu ya sita, si sabini na mbili. Hapa wasimamizi wa awali na wa lugha wote wawili hupitiwa, na mtahini wa nje ndiye hukumbusha.

Wapimaji wako wapatane kabla ya kuingia shuleni. Mtoto mmoja asome, wote wawili waandike kimya kimya, kisha linganisheni silabi kwa silabi. Mkipatana chini ya 90 kwenye 100, rudini mezani. Mara nyingi tofauti ni hiyo hiyo r na l.

Hojaji ya mzazi ina swali moja bovu linalorudiwa kila mwaka: "Nyumbani mnazungumza lugha gani?" Dar jibu ni Kiswahili, hata kwa familia ambayo bibi amekuja kutoka Bukoba juzi. Mzazi anajua shule inataka kusikia nini. Uliza mtu mmoja mmoja: jana jioni, mama aliongea na mtoto kwa lugha gani, baba je, bibi je, dada wa kazi je. Huyo dada ndiye hukaa na mtoto saa nyingi kuliko wote, na wataalamu wa malezi walioandika kurasa nyingi juu ya ushiriki wa wazazi humsahau kabisa. Kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza ongeza katuni na simu, kwa sababu kuna watoto ambao Kiingereza chao kimetoka YouTube kabla ya kutoka kwa mwalimu.

Vibali visikutishe, vinachosha tu. Mwanafunzi wa chuo cha hapa hupewa barua na chuo chake, anaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anapata barua ya kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri husika, kisha afisa elimu msingi, afisa elimu kata, na mwalimu mkuu. Dar ina halmashauri tano: Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Ukichagua shule za Ubungo na Temeke, hizo ni safari mbili za barua, kwa hiyo amua mapema kama unahitaji kweli halmashauri mbili. Mtafiti kutoka nje ya nchi anaanzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Toa nakala nyingi. Kila meza hubaki na moja. Idhini ya mzazi iwe ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, ikitaja kama utarekodi sauti na nani ataisikia. Mtoto naye mwambie kwamba akichoka aseme "basi", na akisema basi iwe basi kweli.

Mengine yaliyobaki ni kupeleka majibu shuleni. Ukurasa mmoja kwa mwalimu wa darasa, bila majina ya watoto: wangapi walisoma silabi zilizochanganywa, zipi ziliwashinda wengi, na kibao kimoja cha silabi zilizochanganywa anachoweza kukibandika ukutani. Upeleke kabla ya likizo ya Desemba. Januari huenda mwalimu huyo amepangiwa darasa la pili, na watoto uliowapima wameshapanda la kwanza.